Mkwe Aliyejificha Nyuma ya Kimondo

Safari zetu za kwanza za mwisho wa wiki zilikuwa za kwenda kutazama malori. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, mama kwanza, baba akamfuata, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikashika meza ya mchele aliyoiacha mama katika soko la Tunduma. Jumapili, tukishatoka kanisani, niliwachukua wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, tukapanda mahali palipoinuka juu ya barabara ya mpakani na kukaa chini na mahindi yetu ya kuchemsha. Foleni ya malori ilianzia getini ikarudi nyuma mpaka macho yachoke.

Mchezo wetu ulikuwa huu: kila mtu anachagua lori lake, halafu anaeleza limebeba nini na linakwenda kwa nani. Lori la mdogo wangu wa kiume siku zote lilibeba matairi. La yule wa mwisho, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, lilibeba maandazi, yote yake, na dereva hakuruhusiwa kula hata moja. Langu nilisema limebeba vitanda. Tulikuwa tunalala watatu kwenye kimoja.

Wazambia waliokuja kununua mchele waliniita "bamayo", neno lao la heshima kwa mama, kwa sababu waliniona nina mtoto mgongoni. Mteja sikumsahihisha. Lakini nyumbani nilikuwa mkali. Yule wa mwisho alipojaribu kuniita mama nilimwambia, "Mimi dada. Mama tulikuwa naye." Nilitaka nafasi ile ibaki na mwenyewe. Nikapika, nikafua, nikaenda kwenye vikao vya wazazi shuleni na kukaa kwenye dawati dogo pamoja na wamama wa watu, lakini jina langu lilikuwa dada.

Safari ya kwanza ya kupanda gari ilikuwa ya kwenda Mbozi kuona kimondo. Mwalimu wa mdogo wangu wa kiume alikuwa amewafundisha habari zake, na kijana hakutulia mpaka tukaenda. Tulikikuta kimelala kwenye shimo lake, jiwe la chuma, jeusi linaloelekea wekundu, kubwa kama kiboko aliyelala usingizi, na mwili mzima una vishimo kama vya vidole gumba. Yule wa mwisho alikizunguka, akakitazama sana, kisha akauliza, "Ndugu zake wako wapi?"

Kaka yake akamwambia, "Wako juu bado. Huyu ndiye mkubwa wao, ametangulia kutafuta kazi."

Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Siku ile kila mmoja wetu alichagua kishimo chake kwenye kimondo, akaweka kiganja. Ikawa desturi yetu. Tukienda, jambo la kwanza ni kutafuta kishimo chako.

Miaka ikaenda. Mdogo wangu wa kiume akawa dereva, anaendesha noah ya mtu, gari dogo la abiria, kati ya Tunduma na Vwawa. Yule wa mwisho akasoma, akawa muuguzi katika zahanati moja huko Mbangala, bondeni, na huko akampata mwalimu wa shule ya msingi, Mndali kutoka Ileje. Alipomleta mara ya kwanza nilimpenda siku hiyohiyo. Alikuwa mcheshi. Alikaa kwenye kiroba cha mchele sokoni, akala nasi chipsi kwenye sahani moja, akaniita dada, akabishana na mdogo wangu wa kiume habari za mpira mpaka jua likazama. Nilisema moyoni, hapa mtoto amepata watu.

Kisha posa ikaja, tukaipokea. Baba yetu mdogo, ambaye anafuga na kulima Momba, ndiye aliyesimama kama baba. Kulikuwa na swali la blanketi, lile analofunikwa mama wa binti siku ya mahari. Baba mdogo hakulifikiria mara mbili. "Blanketi nimfunike nani?" alisema. "Mke wangu amemlea huyu? Atafunikwa dada yao. Ndiye mama."

Nilisikia fahari na nilisikia woga, vyote kwa pamoja.

Na tangu siku hiyo mwalimu akabadilika. Akaacha kunipigia simu. Akija Tunduma anafikia kwa shemeji yake wa kiume, kwangu hakanyagi. Nikiingia mahali alipo, anatoka kwa mlango mwingine. Siku moja nilimwona kwa macho yangu anakuja kutoka upande wa stendi. Nikainua mkono kumsalimu. Akanitazama, akageuka, akaingia kwa kinyozi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara.

Rafiki yangu wa meza ya jirani, mama wa Kinamwanga mwenye mdomo usiopumzika, aliona yote.

"Mwenzangu, huyo anakwenda kunyolewa nini? Kope?"

"Labda hakuniona."

"Hakukuona! Mtu amekimbia kama ameona nyoka. Kwetu nako mkwe anapita mbali kidogo, lakini huyu amepitiliza." Akapepeta mchele wake kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Au ndiyo hivyo. Walimu. Labda amekaa akafikiri: huyu dada hajamaliza hata la saba, nitaongea naye nini?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayebahatisha bei. Lakini neno lile lilikaa ndani yangu. Sikuogopa kudharauliwa, mtu wa sokoni hudharauliwa asubuhi akasahau jioni. Nilichoogopa ni kwamba mdogo wangu anaolewa katika nyumba ambayo mimi sitakaribishwa. Kwamba nitakuwa mtu wa kusimama nje na kuita hodi. Kwamba atazaa, na mtoto nitaletewa mlangoni kama kifurushi, nimshike, nimrudishe.

Sikumwambia mdogo wangu. Angeweza kuivunja posa kwa ajili yangu, namfahamu. Mimi sikumlea ili nije kumharibia.

Kaka yake ndiye aliyetoa wazo la safari. Ilikuwa baada ya mavuno, wakati wa baridi ya Mbozi. "Twende kimondo, dada, kama zamani," alisema, "kabla huyu hajaolewa akaanza kusema amechoka." Mdogo wangu akaomba mchumba wake aje. Nikasema sawa. Nikamwalika na rafiki yangu wa sokoni, maana nilitaka mtu wa kucheka naye mambo yakiwa mabaya.

Mambo yakaanza kuwa mabaya kabla gari halijaondoka. Mimi nilikaa mbele na mdogo wangu wa kiume, aliyeshika usukani. Mwalimu akaenda kukaa nyuma kabisa, peke yake, juu ya tairi la akiba, akavaa kofia ya koti ikamfunika uso. Rafiki yangu akageuka kumtazama.

"Mwalimu, huko nyuma kuna mtihani?"

"Niko vizuri tu, mama."

Tulipoacha lami na kushika barabara ya vumbi, nilisikia sauti yake ikisema na mdogo wangu, "Mwambie mama kioo chake kinaingiza vumbi."

"Dada, kioo," mdogo wangu akasema.

"Nimesikia," nikajibu. "Siko Zambia."

Kaka yake akacheka. Mimi nilifunga kioo na kutazama nje, migomba na kahawa za watu zikipita, na moyo wangu mzito kama kiroba.

Kimondoni tulitandika khanga kwenye majani. Nilikuwa nimepika wali, nimekaanga kuku, na nimechukua chapati. Kwetu ni mimi ninayegawa. Tangu utotoni hakuna anayegusa nyama kabla sijaigawa. Nilimpakulia mwalimu vizuri, nikamwekea paja. Mdogo wangu akampelekea sahani. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kuelekea upande wangu bila kunitazama, kisha akateremka na sahani yake, akazunguka na kukaa nyuma ya kimondo.

"Anakula na jiwe," rafiki yangu akasema.

"Mwache," mdogo wangu akasema, na akatabasamu kama mtu anayejua jambo na kudhani wote tunalijua. Tabasamu lile liliniuma kuliko yote.

Baada ya kula, mdogo wangu wa kiume alikwenda na rafiki yangu kununua miwa tuliyokuwa tumeiona njiani. Dada yake akachukua vyombo, akaenda kuomba maji ya kuvisuuza kwa mlinzi. Nikabaki peke yangu. Nikasema, basi angalau niweke kiganja changu mahali pake. Kishimo changu kiko upande wa chini, ambako ukingo wa shimo umeinama. Nilishuka na viatu vyangu vya kanisani, ambavyo havina meno, na changarawe ikaniteleza. Nikashuka kwa makalio mpaka chini, nikakwama kati ya kimondo na ukingo, mguu mmoja umekunjwa chini yangu na khanga imenasa nyuma.

Sikuumia. Lakini kuinuka nilishindwa. Kila nikijaribu, changarawe inanirudisha.

"Nani yupo?" niliita.

Kikohozi kikajibu, kutoka upande wa pili wa kimondo.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ndiyo."

"Nimekwama. Njoo unishike mkono."

Nikasikia sahani inawekwa chini.

"Siwezi, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeteseka.

Hapo ndipo hasira yangu yote ya miezi ile ikapanda. "Huwezi nini? Kunigusa? Mimi nina ukoma?"

Nikasikia hatua zake zinapanda, zinazunguka juu ya ukingo. Kisha nikaona kitu cha bluu kinashuka mbele ya uso wangu. Lilikuwa koti lake. Alikuwa amesimama juu, amenipa mgongo, anatazama milimani, na ameshika koti kwa mkono mmoja kwa nyuma.

"Shika mkono, mama."

"Mkono upi?"

"Wa koti."

Nikaushika. Akaanza kuvuta, hivyohivyo kanipa mgongo, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Nilipofika juu nilikuwa nimejaa vumbi, na pamoja na hasira yangu kicheko kilianza kunikaba. Nilikaa kwenye ukingo. Yeye alirudi haraka upande wa pili wa kimondo, akachuchumaa huko, hata kichwa sikukiona tena.

Basi nikasema kwa sauti, "Nieleze leo. Nimekukosea nini?"

Kisha akasema, lakini si na mimi.

"Wewe kimondo," akasema, "naomba umwambie mama kwamba hajanikosea kitu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mwambie kwamba kwetu Ileje mtu hatazamani na mama mkwe. Hapiti njia yake, hali mbele yake, hamshiki mkono, hasemi naye. Akiwa na neno, humtuma mtu. Leo mtu hayupo, kwa hiyo nakutuma wewe."

Nilikuwa najua kwamba watu wana heshima zao kwa wakwe; nani asiyejua? Lakini mambo haya mtu hufundishwa na bibi na shangazi, jikoni, wakati wa kupeta na kutwanga. Sisi tulilelewa sokoni. Na mkwe, katika akili yangu, alikuwa mwanamke mzee mwenye mvi. Mimi sijawahi hata kuolewa.

Nikakigeukia kimondo, nikaweka mkono juu yake. Kilikuwa baridi.

"Kimondo," nikasema, "mwulize, kwani mimi si shemeji yake? Shemeji watu hutaniana."

Safari hii alijibu upesi, kama swali alikuwa amelingoja.

"Mwambie mama kwamba hata mimi nilitaka shemeji. Nilikuwa namwita dada, tulikula chipsi. Lakini posa ilipokubaliwa mama yangu mzazi aliniuliza, huyo binti nani alimbeba mgongoni? Nikasema dada yake. Nani alimwogesha? Dada yake. Nani alimpeleka shule? Dada yake. Mama akasema, basi ukimwita shemeji umewatukana wote wawili, yeye na marehemu. Huyo ni mkwe wako. Ukimwona, pisha njia."

Upepo wa Mbozi ulikuwa unavuma na macho yangu yalikuwa yanatoa maji. Nilimwambia kimondo ni vumbi.

"Mwulize pia," nikasema baadaye, "kwa nini hakuniambia?"

"Mwambie ningemwambiaje, na siruhusiwi kusema naye?"

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nyuma ya kimondo nikasikia naye anacheka, kwa kujizuia, kama mtu aliye kanisani. Ndivyo wenzetu walivyotukuta: mimi nimekaa juu ya vumbi, jiwe limekaa katikati, na mtu asiyeonekana anacheka upande wa pili. Mdogo wangu wa kiume alipoelezwa habari ya koti aliweka miwa chini, akakaa juu yake.

"Wewe umeruka darasa," rafiki yangu akaniambia akifuta machozi. "Mke hujawa, tayari mkwe!"

Nilimgeukia mdogo wangu. "Nawe ulijua?"

Alishangaa kweli. "Nilijua unajua, dada. Wewe unajua kila kitu."

Kabla hatujaondoka niliuliza swali langu la mwisho, na niliuliza kupitia kimondo, maana nilikuwa nimeizoea njia ile. Nilitaka kujua hali hii huisha lini, au nitazeeka nikitazama mgongo wake. Jibu likaja taratibu. Baada ya mahari na arusi, kama mama mkwe mwenyewe anapenda, humwita mkwe wake mbele ya watu, akampa chakula kwa mkono wake, akamwambia, "Kula, mwanangu." Asipopenda, basi hubaki hivyo, wengine mpaka kifo, na hakuna lawama.

"Neno lenyewe ni hilo?" nikauliza. "Mwanangu?"

"Mwambie ni hilo, mama. Lingine halifungui."

Njiani kurudi Tunduma watu waliimba. Mimi nililifikiria lile neno. Mtu anayesema mwanangu anasema pia kwamba yeye ni mama, na mimi jina hilo nilikuwa nimemnyima mtoto aliyelililia.

Siku ya mahari nilikaa mkekani, baba mdogo akanifunika blanketi. Lilikuwa zito na jipya, lina harufu ya dukani, na chini yake nilimkumbuka mama yetu na nikamwomba ruhusa. Mwalimu alikuwa nje, nyuma ya nyumba, na wazee wake.

Kisha, baada ya arusi, tukafanya safari nyingine ya Jumamosi, mimi na mdogo wangu wa kiume na rafiki yangu, kuteremka kwenda Mbangala kwenye joto, kuona nyumba ya maharusi. Tulipofika, mdogo wangu alitoka mbio kutupokea. Mumewe alitoka kwa mlango wa nyuma. Tuliona kisigino tu. Majirani walikuja, wazee kwa watoto, maana wageni kutoka mjini si jambo la kila siku.

Nikaomba jiko. Mdogo wangu akataka kusaidia, nikamwambia akae. Nilipika wali wa mchele wangu mwenyewe niliokwenda nao, nikachinjisha jogoo, nikamkaanga. Chakula kilipoiva niliketi sebuleni mbele ya watu wote, nikamwambia mdogo wangu wa kiume akamwite mwalimu.

Aliingia ameinamisha kichwa, akapiga goti mbali, karibu na mlango. Nikachukua paja, nikaweka na wali kiganjani, nikanyoosha mkono. Nilimtazama mdogo wangu aliyesimama kwenye mlango wa chumba. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Kula," nikasema. Halafu neno likakwama. Nyumba nzima ikangoja. Rafiki yangu akanisukuma kwa goti. "Kula, mwanangu."

Mdogo wangu akalia kwa sauti. Mwalimu akasogea, akapokea kwa mikono miwili, akala. Akatafuna polepole, wote wanamtazama. Akameza. Kisha akainua uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu posa akanitazama machoni.

"Mama," akasema, "chumvi haikutosha."